SOMO LA WIKI: Kukusanya Mbao za Bao, Hesabu Kwanza

Kukusanya mbao za bao ni burudani, lakini fedha inayofungwa humo ni mtaji. Anayepanda Nainokanoka, wilayani Ngorongoro, kutafuta ubao wa zamani ahesabu mashimo kabla ya kuuliza bei. Enkeshui, mchezo wa Wamaasai, una safu 2. Bao la Kiswahili lina safu 4, mashimo 32 na kete 64. Ubao wa safu 4 ukinadiwa kuwa ni wa enkeshui, muuzaji ana la kueleza.

Ubao uliochezewa hulainika mashimoni, vidole vilikopita. Wa mapambo hung'arishwa juu tu, na pengine mashimo hayaenei kete. Rangi ya kiwi si umri.

Gharama nayo haiishii kwa mwenye mali. Kwa mfano, ubao wa Sh. 40,000 na nauli ya Sh. 30,000 kwenda na kurudi Karatu umesimama kwa Sh. 70,000. Mteja wa Arusha akitoa Sh. 60,000, hasara ni Sh. 10,000. Mbao 3 kwa safari moja hushusha nauli hadi Sh. 10,000 kila mmoja, na hasara hiyo hugeuka faida ileile.