DARASA LA RAMADHANI, SIKU YA 9: Jino bovu halisubiri Idi



Ndugu zangu waumini, wiki hii maswali mengi yaliyoletwa kwangu baada ya Tarawehe yamehusu kinywa. Mmoja hapigi mswaki mchana kutwa kwa kuogopa swaumu. Mwingine shavu limevimba, lakini anasema ataenda kung'oa jino Idi ikipita. Leo tuliweke wazi, kwa sababu jambo hili lina ibada ndani yake na lina afya ndani yake.

*1. Mswaki kwa aliyefunga*

Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba lau si kuuonea huruma umma wake angeuamrisha kupiga mswaki katika kila sala. Imepokewa na Bukhari na Muslim. Hata katika saa zake za mwisho, Bibi Aisha (r.a.) alimlainishia mswaki akautumia. Huyu ndiye kiongozi wetu, sasa sisi tunapata wapi dini ya kukaa na kinywa kichafu?

Wapo wanaotoa hoja ya hadithi ya harufu ya kinywa cha mfungaji kuwa ni nzuri zaidi mbele ya Allah kuliko miski. Hadithi ni sahihi. Lakini wanazuoni wengi wamefafanua kuwa harufu hiyo inatokana na tumbo tupu, na mswaki hauiondoi. Mabaki ya daku yanayooza katikati ya meno hayo ni mambo mengine.

Katika madhhabu yetu ya Imam Shafi, kauli mashuhuri ni kuwa mswaki ni makuruhu kuanzia jua linapopinduka mpaka magharibi. Zingatia: makuruhu, si haramu, wala haubatilishi funga. Na Imam Nawawi, ambaye ni Shafi mkubwa, aliona kauli yenye nguvu ni kwamba hakuna karaha wakati wowote. Kwa hiyo asubuhi hakuna ubishi kabisa, na mchana una nafasi.

Dawa ya meno ina ladha kali, ni rahisi kupenya kooni. Itumie baada ya daku kabla ya alfajiri, na usiku kabla ya kulala. Mchana tumia mswaki wa mti au mswaki wenye maji tu.

*2. Kwa nini meno huumia zaidi mwezi huu*

Mchana mate yanapungua, na mate ndiyo mlinzi wa kinywa. Usiku tunafungua kwa tende na chai ya sukari, halafu uji mtamu, kalimati, juisi, tunaonja onja mpaka daku. Vijidudu vya kinywani vinakula sukari hiyo na kutoa tindikali inayoyeyusha gamba gumu la jino. Kila unapoonja kitamu, tindikali inafanya kazi kwa karibu nusu saa. Ukionja mara sita usiku, umeipa kazi mara sita.

Hatukatazi tende, ni sunna. Kula vitamu vyako kwa wakati mmoja, halafu sukutua kwa maji. Kiu ya usiku ikate kwa maji matupu. Na usilale bila kupiga mswaki, wewe na watoto wako.

*3. Matibabu ya meno na swaumu*

Hapa ndipo wengi wanapojiumiza bure. Mwaka 1997, Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilikaa kikao chake cha 10 mjini Jeddah. Likaamua kwamba kutoboa jino kwa ajili ya kuliziba, kung'oa na kusafisha meno havibatilishi funga, maadamu mtu anajihadhari asimeze kinachofika kooni. Sindano ya ganzi nayo haifunguzi, maana si chakula.

Tuyafahamu matibabu yenyewe:

– *Kusafisha.* Daktari anakwangua ugaga, ule uchafu uliokauka ukawa kama jiwe. Watu wanasema kusafisha kunalegeza meno. Si kweli. Ugaga ukiachwa ndio unaokula fizi na kulegeza jino.

– *Kuziba.* Tundu likiwa dogo linasafishwa na kuzibwa. Nenda kabla halijauma, ndiyo nafuu ya mwili na ya mfuko.

– *Kutibu mzizi.* Tundu likishafika kwenye mshipa wa fahamu, daktari anautoa mshipa ulioharibika, anasafisha ndani ya mzizi na kuuziba. Mara nyingi ni zaidi ya siku moja, ila jino lako linabaki.

– *Kung'oa.* Hii ni hatua ya mwisho. Utang'ata pamba kama nusu saa ili damu igande. Siku hiyo usisukutue wala kutema kwa nguvu, donge la damu litatoka na kidonda kitavuja upya. Je, udhu? Kwetu kusukutua ni sunna, si nguzo. Acha kusukutua siku hiyo, udhu wako umetimia. Damu usiimeze kwa makusudi, iache itoke taratibu. Iliyokushinda bila kukusudia, umesamehewa.

Ukiweza kupanga na daktari uende jioni karibu na futari, ni wepesi kwako.

*4. Lini usisubiri hata siku moja*

Sikilizeni vizuri hapa. Shavu au shingo ikivimba, ukipata homa, mdomo ukishindwa kufunguka, au kumeza kukawa kugumu, huo ni usaha unaosambaa. Unaweza kushuka shingoni na kuziba njia ya hewa. Mtu hufa kwa jino, jamani. Nenda siku hiyohiyo kitengo cha kinywa na meno, Hospitali ya Mkoa hapa Songea, au hospitali iliyo karibu nawe. Usiweke maji ya betri wala ugoro kwenye tundu, vinaunguza nyama. Karafuu hutuliza maumivu, lakini haitibu jino.

Ukipewa dawa za kila masaa 8, usizirundike zote usiku wala kuruka dozi. Muulize daktari kama ipo ya mara mbili kwa siku. Kama haipo, na ugonjwa unakutaka umeze mchana, basi fungua na utalipa siku nyingine. Aya za swaumu katika Suratul Baqara zimempa mgonjwa ruhusa hiyo kwa uwazi, na humohumo Allah ametueleza kwamba anatutakia wepesi. Kuikataa ruhusa Yake mpaka ukajidhuru si uchamungu.

*Kazi ya leo:* Kabla ya kulala, chukua tochi ya simu, angalia meno ya kila mtoto nyumbani. Ukiona tundu jeusi au fizi inayotoka damu, panga siku ya kwenda wiki hii. Na yule ndugu yako anayevumilia jino mpaka Idi, mtumie darasa hili.

Ewe Mola, takabali swaumu zetu, visafishe vinywa vyetu kwa uchafu na kwa maneno mabaya, na uwaponye wagonjwa wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.