Chango, Uchafu na Chupa ya Maji Moto: Daktari Anajibu Maswali ya Maumivu ya Hedhi

Hedhi ni nini na huja lini, hayo nimeyaruka. Nimechagua barua zilizonitia wasiwasi, na chache zilizonipandisha hasira.

Shikamoo daktari. Binti yangu wa kidato cha pili kila mwezi analia, siku mbili haendi shule. Bibi yake hataki ameze dawa, anasema zitamharibia kizazi. Nimsaidieje nyumbani? (Mama, Morogoro)

Marahaba, mama. Anza na joto. Chupa ya mpira yenye maji ya moto, si yanayochemka, izungushie khanga, aiweke chini ya kitovu. Huna? Pasha mchele mkavu kikaangoni, umimine kwenye soksi ya pamba, ujaribishe kwanza mkononi mwako. Msiidharau njia hii. Katika majaribio, joto la nyuzi 39 hivi lililokaa tumboni kwa saa nyingi lilituliza maumivu karibu sawa na ibuprofen.

Bibi nampa heshima yake, ila kwa hili hapana. Ibuprofen ya siku mbili tatu za hedhi haiui kizazi. Ameze miligramu 200 hadi 400 baada ya kula, isizidi mara tatu kwa siku, na aanze dalili zinapojitokeza tu, asingoje mpaka awe anagaagaa sakafuni. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu au mimba asiiguse bila kumuuliza daktari.

Naambiwa nina chango, kwamba tumbo linauma kwa sababu ya uchafu uliobaki kwenye kizazi. Nimeuziwa dawa ya kusafisha, ya kuweka ukeni, na kweli natokwa na vinyama. Niendelee? (Wasomaji wengi, Tanga, Mbeya, Mombasa)

Hapana! Barua hizi nimezikusanya pamoja kwa sababu muuzaji wenu ni kama mmoja, na uongo wake ni uleule.

Kizazi hakina kona ya kuwekea akiba ya uchafu. Mimba isipotunga, utando wa ndani hubanduka na kutoka. Ukibanduka huachia kemikali zinazoitwa prostaglandini, na hizo ndizo zinazoufanya msuli wa kizazi ujikaze ili kusukuma damu nje. Zikiwa nyingi, msuli hujikaza kupita kiasi, mishipa ya damu inabanwa, oksijeni haifiki, unauma. Zikizunguka mwilini huleta kichefuchefu na kuharisha, jambo ambalo muuzaji atakwambia ni chango "linapanda". Ibuprofen huzuia zisitengenezwe, ndiyo maana nikasema imezwe mapema.

Na vile vinyama mnavyovipiga picha na kutumiana WhatsApp? Ni ngozi laini ya uke wako mwenyewe, imeunguzwa na hiyo dawa ikabanduka. Umelipa hela ujichubue, kisha ukashangilia michubuko. Uke una bakteria wake wema wanaoulinda; ukiwaua unakaribisha maambukizi, na maambukizi yakipanda kwenye mirija ndipo ugumba unapoanzia. Kitunguu swaumu nacho ni cha mchuzi, si cha kuweka ukeni.

Mabonge nayo si uchafu, ni damu iliyoganda kwa kutoka nyingi. Yakizidi ukubwa wa sarafu kila mwezi, au ukilowesha pedi kila saa, kapimwe wingi wa damu na uvimbe kwenye kizazi.

Tangawizi inasaidia kweli? (Msomaji, Arusha)

Inawasaidia baadhi. Iliyojaribiwa ni ya unga, gramu moja hadi mbili kwa siku, yaani nusu kijiko cha chai hadi kimoja, siku tatu za mwanzo. Ichemshe, unywe kidogo kidogo.

Nikiwa mwezini nisioge maji baridi wala kula limau?

Oga. Kula.

Niwaondoe mazoezini wasichana walio kwenye siku zao? (Mwalimu wa michezo, Dodoma)

Waulize wenyewe. Mazoezi ya mara kwa mara hupunguza maumivu; anayeumwa siku hiyo apumzike, bila kutangazwa mbele ya darasa.

Mke wangu anaumwa zaidi kila mwaka, hata wakati wa tendo la ndoa. Anaambiwa akizaa yataisha. Mtoto hatujapata. (Mume, Mwanza)

Waliomwambia hivyo wamempotezea miaka. Huenda ni endometriosisi: utando unaofanana na ule wa ndani ya kizazi umeota nje yake. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa humpata mwanamke mmoja kati ya kumi wa umri wa kuzaa. Mimba si dawa yake, na ugonjwa wenyewe unaweza kuwa ndio unaoizuia. Mpeleke kwa daktari bingwa wa wanawake, na uingie naye.

Hedhi ilichelewa wiki mbili. Sasa natoka damu kidogo, naumwa sana upande mmoja, chupa ya moto haisaidii.

Huyu nilimpigia simu palepale. Inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, na mrija ukipasuka damu humwagika ndani bila kuonekana. Ukiona hivyo nenda hospitali saa hiyohiyo, usiandike barua.