Kupimwa Nguvu za Kazi kwa Mtu Asiye na Mkono

Mara nyingi mtu asiye na mkono akiomba kazi hutazamwa bega lake, kisha huambiwa arudi nyumbani. Hukumu hiyo ni ya macho tu, wala si ya kipimo. Nguvu za kudumu kazini hutegemea moyo, mapafu, na damu ipelekayo hewa ya oksijeni kwenye misuli. Mtu aweza kuzaliwa bila mkono, au kukatwa kwa ajali, na moyo wake ukawa mzima kabisa.

Wakati wa Vita Kuu ya 1914–1918, Bwana Jules Amar, mtaalamu wa elimu ya mwili mjini Paris, Ufaransa, aliwapima askari waliopoteza viungo vitani. Alitumia baiskeli isiyotoka mahali pake, yenye breki ya kupimia kazi, akapima na pumzi zao, ili ijulikane kazi imfaayo kila mmoja.

Hata leo, aliyekosa mikono hupimwa kwa miguu. Huketi juu ya baiskeli ya namna hiyo, yenye mahali pa kuegemea mgongo, akakanyaga huku uzito ukiongezwa kidogo kidogo. Pasipo na baiskeli, hupanda na kushuka kidato kwa mwendo wa sawasawa. Kipimo cha Harvard, Marekani, kilichotangazwa mwaka 1943, chataka kidato cha inchi 20, mara 30 kwa dakika, kwa muda wa dakika 5. Hicho kilitengenezwa kwa vijana wenye nguvu; wengine hupewa kidato kifupi zaidi.

Mpimaji na aangalie mambo matatu. Kwanza, mikono husaidia mwili usiyumbe. Kwa hiyo msaidizi husimama karibu. Pili, ikiwa mikono yote haipo, mapigo ya moyo huhesabiwa shingoni, na msukumo wa damu hupimwa pajani, ambako kwa kawaida huwa juu kidogo kuliko mkononi. Tatu, aliyepungukiwa na viungo ana ngozi kidogo ya kutolea jasho, hivyo huweza kupata joto upesi. Akiona kizunguzungu au maumivu ya kifua, kipimo hukomeshwa mara moja.

Moyo usioenda mbio mno katika kazi, na urudio upesi katika hali yake, ni dalili ya nguvu. Lakini kazi ya kutwa isizidi takriban theluthi moja ya nguvu za mwisho zilizopimwa.

Kipimo cha miguu hakionyeshi ustadi wa kushika, kufunga au kuinua. Hayo hujaribiwa mbali, kwa vyombo vya kazi yenyewe, pamoja na mkono wa bandia ikiwa anao. Vipimo vyote viwili vikiisha, daktari aweza kumwandikia mwajiri kazi zipi mtu huyo aziweza, na zipi zitamdhuru.