Deikea Ikitaka Hela, Ianze na Daftari

Muulize mwenye deikea yeyote wa Mukuru, Kayole au Kawangware, jijini Nairobi, anakosa nini, atakujibu kabla hujamaliza swali: mtaji. Magodoro ni mawili, watoto ni kumi na wanne, bati linavuja na mwenye nyumba ameanza kupita mlangoni mara kwa mara. Ukweli ni kwamba hela za bure kwa kazi hii ni chache. Anayekopesha au kufadhili naye huja na maswali mawili tu: kwa siku wanakuja watoto wangapi, na mwezi uliopita ziliingia shilingi ngapi? Ukijibu kwamba inategemea, mazungumzo yameishia hapo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kununua daftari la kurasa mia mbili na kalamu. Chora safu nne: jina la mtoto, amekuja au hakuja, amelipa ngapi, anadaiwa ngapi. Jaza asubuhi mtoto anapopokelewa, si jioni ukiwa umechoka, maana jioni mzazi wa tatu akishapita huwezi tena kukumbuka wa kwanza alitoa nini. Matumizi yaandike ukurasa wa pili: unga, maziwa, mkaa au gesi, sabuni, maji ya mtungi, msaidizi, kodi. Na wewe mwenyewe ujiandikie mshahara, hata uwe mdogo. Deikea nyingi huonekana zina faida kwa sababu mwenyewe anafanya kazi saa kumi na mbili bila kujilipa.

Tufanye hesabu moja. Tuseme una watoto 20 kwenye orodha, kila mmoja shilingi 100 kwa siku, siku 24 za kazi kwa mwezi. Hizo ni shilingi 48,000, na ndizo ulizonazo kichwani. Sasa fungua daftari. Kwa wastani waliokuja ni 15, na kati yao 3 walisema watalipa kesho. Kilichoingia ni 12 mara 100 mara 24, yaani shilingi 28,800. Zile 19,200 zilizopotea hakuna aliyeziiba. Ni hela ambayo ungeikopa kila mwezi na kuilipia riba, ilhali ni yako. Ndiyo maana nasema mfadhili wa kwanza wa deikea ni mzazi, na kabla ya kutafuta wa pili, huyu wa kwanza ashughulikiwe.

Kumshughulikia hakumaanishi kumfokea mlangoni mbele ya mtoto wake. Wazazi wengi wa mitaa hii wanaishi kwa kibarua: mjengo, kufua nguo, kuuza mboga, zamu za viwandani Industrial Area. Leo kuna kazi, kesho hakuna, na asiye na kazi anamwacha mtoto nyumbani. Ukimdai ada ya mwezi mzima utamfukuza. Lakini unaweza kuweka bei mbili zilizo wazi ukutani: anayelipa siku kwa siku, 100; anayelipa wiki nzima ya siku sita Jumatatu asubuhi, 500. Unapoteza 100 kwa wiki, lakini umepata 500 mkononi kabla hujanunua unga, na mtoto ataletwa hata siku mama hana kibarua, kwa sababu ameshalipiwa. Malipo yapitie namba ya Lipa na M-Pesa ya biashara badala ya simu yako binafsi. Taarifa ya miezi sita ya namba hiyo ni ushahidi ambao hakuna afisa wa mikopo atakayeutilia shaka, na pia inakuzuia kuichanganya ada na hela ya harambee ya shemeji.

Saa ya kuwachukua watoto nayo iandikwe. Baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni, shilingi 50 za ziada. Siyo adhabu, ni bei ya muda wako. Na anayedaiwa zaidi ya siku tatu, keti naye, mpange namna ya kulipa polepole, aweke sahihi kwenye daftari. Kuna wakati utasamehe, na utajua ni nani wa kusamehewa. Msamaha nao uandike, ujue umekugharimu kiasi gani.

Karatasi za serikali huwaogopesha watu kuliko inavyostahili. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, iliweka vituo vya kulelea watoto mikononi mwa kaunti, pamoja na elimu ya chekechea. Nairobi ilipitisha sheria yake ya vituo vya malezi mwaka 2017. Kwa maana hiyo anayekuhusu kwanza ni ofisi ya wadi na afisa wa afya ya umma wa eneo lako. Mwendee kabla hajakujia. Afisa aliyealikwa huangalia choo, maji, dirisha, jiko lilipo na ngazi, halafu anakuambia urekebishe nini. Aliyetumwa baada ya malalamiko ya jirani huja na kitabu cha faini. Leseni ya biashara ya kaunti, vyeti vya afya vya wanaogusa chakula, na cheti cha polisi cha tabia njema kwa kila anayeshika watoto ndizo karatasi utakazoombwa karibu kila mahali. Ziweke kwenye faili moja pamoja na daftari. Zikikushinda zote kwa pamoja, anza na cheti cha tabia njema. Mzazi anayekuachia mtoto wa miezi saba hajali sana leseni ya kaunti, lakini anataka kujua ni nani atakayembeba.

Mafunzo ndiyo sehemu ambayo wengi hukosea njia. Mtu akiambiwa asomee watoto, anakimbilia cheti cha ualimu wa chekechea. Ni cheti kizuri, ila kimelenga darasa la PP1 na PP2, watoto wa miaka minne na mitano. Wako ni wa miezi sita hadi miaka mitatu, na maarifa yao ni mengine: namna ya kumlaza mtoto chali, kumtoa chakula kilichomkwama kooni, kuzungumza na asiyejua kusema bado, kumtambua mapema anayekonda au asiyeitikia sauti. Mwongozo wa malezi uliotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia unataja nguzo tano: afya, lishe, usalama, malezi yanayomjibu mtoto, na kujifunza mapema. Mafunzo yoyote utakayoitiwa, yapime kwa hizo tano. Yakigusa moja tu, uliza nyingine zitafundishwa lini.

Kwa Nairobi yapo mashirika yaliyojikita kwenye deikea za mtaani zenyewe. Kidogo huwachukua wanawake wenye vituo tayari, huwafundisha malezi na biashara, kisha huwaunganisha kwenye mikutano ya wao kwa wao na kuwatembelea vituoni. Tiny Totos nao hufanya kazi na wenye deikea kwa mtazamo wa biashara: hesabu, ubora wa chumba, chakula, na fedha za kuboresha kituo. Hawako kila mtaa wala hawamchukui kila anayeomba, kwa hiyo tafuta kwanza mwenye deikea aliyemo akupeleke. Huduma ya kwanza hufundishwa na Msalaba Mwekundu wa Kenya na St John Ambulance kwa ada, na kikundi cha wenye deikea kumi wakiomba darasa lao pamoja wana nafasi nzuri ya kupunguziwa.

Kipimo changu cha mafunzo ni kimoja: je, mwalimu atakuja kituoni kwako baadaye? Semina ya hotelini yenye chai, nauli na picha ya pamoja haibadilishi chumba. Na usiende peke yako. Mara nyingi mwenye kituo husomea kila kitu huku watoto wanashikwa na msaidizi ambaye hajafundishwa chochote, naye baada ya miezi mitatu ameondoka. Mpeleke msaidizi kwenye kozi ya pili, na umwongeze kidogo mshahara baada yake. Ni nafuu kuliko kumfundisha mgeni kila robo mwaka.

Upo msaada mwingine usioitwa ufadhili kwa sababu hauji kama pesa. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali iliwazindua upya Septemba 2023 wakiwa zaidi ya laki moja nchi nzima, wana wajibu wa kutembelea nyumba za mtaa wako. Mpe wako namba ya simu na umwambie una watoto kumi na tano chini ya miaka mitano mahali pamoja. Utakuwa umempunguzia safari. Wiki za Malezi Bora, mwezi wa Mei na Novemba, ndizo za matone ya vitamini A kuanzia miezi sita na dawa za minyoo kuanzia mwaka mmoja. Kituo ambacho watoto wake wamepimwa na kupewa matone hupata wazazi wapya bila kubandika tangazo lolote.

Sasa mkopo. Ujiulize jambo moja tu kabla ya kutia sahihi: hela hii itaongeza watoto wanaolipa, au itapunguza matumizi? Mkopo wa kulipa kodi iliyochelewa ni shimo jipya la kufukia la zamani. Lakini tuseme shilingi 24,000 zinakupa magodoro, zulia la plastiki na kizuizi cha jikoni, na kwa hiyo unaweza kupokea watoto wanne zaidi kwa usalama. Kila mtoto anatoa 100, chakula chake ni kama 40, zinabaki 60. Watoto wanne kwa siku 24 ni shilingi 5,760. Mkopo unajilipa kwa miezi minne na ushee, bila riba. Kama mkopeshaji anataka hela yake kwa miezi miwili, kataa, hata riba iwe ndogo namna gani.

Hapo ndipo watu huikosea Hazina ya Hustler, mfuko wa mikopo wa serikali. Ilipozinduliwa mwisho wa Novemba 2022, mkopo wake wa mtu binafsi uliwekwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka na muda wa siku 14, huku asilimia 5 ya unachokopa ikiwekwa akiba kwa jina lako. Ukikopa 10,000 unapokea 9,500, na riba ya siku 14 ni kama shilingi 31. Ni rahisi mno. Lakini siku 14 zinatosha kununua gunia la unga kwa bei ya jumla. Hazitoshi kuezeka paa. Kwa paa kuna mikopo ya vikundi: ya Hustler yenyewe iliyoanza Juni 2023, ya Hazina ya Uwezo inayotolewa kupitia maeneobunge na kutoza ada ya usimamizi badala ya riba, na ya Women Enterprise Fund, hazina ya wanawake iliyoanzishwa 2007. Kwa kawaida utaombwa kikundi kilichosajiliwa, chenye akaunti na kumbukumbu za mikutano. Masharti hubadilika, kwa hiyo yaulize ofisini na si kwa jirani aliyekopa zamani.

Kikundi chenyewe kiwe cha wenye deikea, ikiwezekana. Chama cha wauza samaki, fundi cherehani na wewe kina uzuri wake, lakini hawatajua kwamba Desemba watoto hupelekwa ushago na mapato yanashuka. Wenzako wa kazi wanajua, na watapanga marejesho yaruke mwezi huo. Mnaweza pia kununua unga na sabuni pamoja, na mmoja akiugua, mwenzake akapokea watoto wake badala ya kuwarudisha nyumbani. Anzeni na akiba ya mezani (table banking) kila wiki kwa miezi sita kabla ya kugusa hela ya serikali. Anayeshindwa kuleta 200 kila Jumamosi sasa hatalipa mkopo wa kikundi baadaye, na deni lake litakuwa lenu.

Usisahau kwamba mwajiri naye anaweza kuwa mteja. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea kazini. Haimlazimishi kufungua deikea, lakini kiwanda chenye wanawake mia kinachopoteza siku za kazi kila mtoto anapokosa mlezi kina sababu ya kukusikiliza. Mwendee meneja wa wafanyakazi na ukurasa mmoja: umbali kutoka lango la kiwanda, saa unazofungua, nafasi zilizobaki, vyeti vilivyopo. Omba alipie nafasi tano kwa miezi mitatu kama majaribio, au akate ada kwenye mshahara wa wanaokubali na kuituma kwa namba ya biashara.

Na wageni watakuja, wenye fulana za mashirika na kamera. Wakaribishe, waonyeshe daftari kabla ya watoto. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kuchukua na kutumia taarifa za mtoto, na uso wake umo. Andaa fomu fupi ya Kiswahili mzazi aijaze siku ya kusajili mtoto, yenye visanduku viwili, ndiyo na hapana, na watoto wa hapana wakae chumba cha ndani mpaka kamera zirudishwe mfukoni. Mfadhili akisema picha bila fomu hizo ndiyo sharti la kukupa magodoro, muulize jina lake kamili na uliandike kwenye daftari.