Muwa Hukamuliwa Mara Tatu: Mbinu za Kuielewa Injini ya Mvuke ya Meli za Zamani

Ukifika kivuko cha Kamanga hapa Mwanza, upande wa mjini, ukakuta pantoni bado iko katikati ya ghuba, usikae bure. Mtafute muuza juisi ya muwa, umtazame kazini. Anaupitisha muwa kwenye rola, juisi inachuruzika. Anaukunja, anaupitisha tena. Anaukunja mara ya tatu, safari hii na kipande cha tangawizi na ndimu ndani yake, na kinachotokea upande wa pili ni makapi makavu. Kama angeutupa baada ya mara ya kwanza, angetupa faida yake.

Injini za mvuke za hatua tatu, zile zilizosukuma meli duniani kwa zaidi ya nusu karne, zilifanya vivyo hivyo. Mvuke uleule ulikamuliwa mara tatu, katika silinda tatu, kabla ya kurudishwa kuwa maji. Niliwahi kumweleza hivyo mpwa wangu tukivuka kwenda upande wa Sengerema, naye akanijibu, "Kumbe mjomba, mvuke nao unakunjwa!" Alikuwa ameelewa.

Mbinu zifuatazo ni kwa mzazi aliyeulizwa swali na mtoto, mwalimu wa fizikia, kijana anayesomea ufundi, na yeyote atakayekutana na injini ya aina hii akataka kuisoma kama asomavyo kitabu.

1. Anza na herufi mbili

Kabla ya kutazama chuma, soma jina la meli. Herufi SS mbele ya jina humaanisha meli ya mvuke. MV humaanisha meli ya mota, na kwa kawaida hiyo ni dizeli. Meli iliyoingia Ziwa Victoria mwaka 1961 kwa jina hilohilo la Victoria ilikuwa ya dizeli. Lakini zilizotangulia, kama William Mackinnon, Winifred, Sybil, Clement Hill, Nyanza, Usoga na Rusinga, zote zilikuwa za mvuke, na matanuri yake yalilishwa kuni zilizokatwa kandokando ya ziwa.

Nyingi kati ya hizo zilitengenezwa Paisley, Uskoti, na kampuni ya Bow, McLachlan. Ziliungwa kule, zikafunguliwa vipande vipande, zikasafirishwa hadi Mombasa na kupandishwa bara mpaka Kisumu, ambako ziliungwa upya.

Angalia jambo moja: herufi hizo hueleza hali ya leo tu. Liemba ya Ziwa Tanganyika inaitwa MV, ingawa ilizaliwa na injini za mvuke na kubadilishiwa dizeli miaka ya 1970. Kwa hiyo uliza pia mwaka wa kuzaliwa.

2. Fanya jaribio la chupa

Watu wengi huanza na moto. Mimi nakushauri uanzie mwisho, pale mvuke unapopozwa, kwa kuwa ndipo penye nusu ya fumbo.

Chukua chupa tupu ya plastiki. Mimina humo maji ya moto kama ya chai, yatikise kidogo, yamwage, kisha funga kifuniko haraka na uiweke chupa ndani ya beseni la maji baridi. Itabonyea mbele ya macho yako. Hakuna mkono ulioibonyeza. Mvuke uliokuwa ndani umegeuka matone, ukaacha ombwe, na hewa ya nje imeikandamiza.

Melini, chombo kinachofanya kazi hiyo huitwa kondensa. Ni kasha lenye mabomba mengi membamba yanayopitisha maji ya ziwa. Mvuke uliochoka ukigusa mabomba hayo hugeuka maji, na ombwe linalobaki huwa kama mtu anayevuta pistoni upande mmoja wakati mvuke unaisukuma upande wa pili.

Hapa kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya pwani havilisemi. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi zaidi, na ndiyo maana maji Mwanza huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Basi geji ya ombwe nayo husoma tofauti. Mombasa ombwe kamili lingekuwa milimita 760 za zebaki. Mwanza ni karibu 660 tu. Ukiona geji ya ziwani inaonyesha 600, kondensa ni nzima kabisa. Geji ikisoma hivyohivyo Mombasa, anza kutafuta mahali hewa inapovuja.

3. Fuata pumzi moja ya mvuke

Usijaribu kuielewa mashine yote kwa mara moja. Chagua lita moja ya maji, uifuate safari yake yote. Kwa mfano wetu tutumie injini ya meli za Liberty, zilizojengwa Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Zilijengwa zaidi ya 2,700, na vipimo vya injini zao vinajulikana vizuri. Moja yake, Jeremiah O'Brien, bado inatembea kwa mvuke huko San Francisco.

Ndani ya boila, lita yako inapashwa mpaka inakuwa mvuke wa nyuzi 200 hivi, wenye presha ya paundi 220 kwa inchi mraba. Hiyo ni kama mara mbili ya upepo wa tairi la lori. Kwa presha hiyo, lita moja ya maji imekuwa lita 125 hivi za mvuke.

Mvuke unaingia silinda ya kwanza, ndogo kuliko zote, yenye kipenyo cha sentimita 62. Vali inaufungulia juu ya pistoni, pistoni inashuka. Kabla pistoni haijafika mwisho, vali inafunga. Hapa ndipo wengi hukosea: hawajui kwamba baada ya mlango kufungwa mvuke unaendelea kusukuma kwa kutanuka wenyewe. Kisha vali inafungua upande wa chini, na pistoni inasukumwa kupanda. Kwa hiyo kila pistoni hufanya kazi ikishuka na ikipanda.

Mvuke ukitoka hapo bado una nguvu, ila umetanuka na unahitaji nafasi kubwa zaidi. Unaingia silinda ya kati, ya sentimita 94. Unatoka huko umelegea zaidi na kuvimba zaidi, unaingia silinda ya tatu, ya sentimita 178, ambayo upana wake ni kama urefu wa mtu mzima. Mwisho unaingia kwenye kondensa. Katika presha ndogo ya humo, lita yako ingetaka zaidi ya lita 10,000 za nafasi kama isingepozwa. Sasa unajua kwa nini silinda ya mwisho ni kubwa hivyo ilhali ndiyo yenye presha ndogo kuliko zote.

Pampu ya hewa inayatoa maji kwenye kondensa, pampu nyingine inayarudisha kwenye boila, na safari inaanza upya. Baharini mzunguko huu ulikuwa wa lazima, kwa sababu maji ya chumvi huacha magaga yanayoharibu boila yenye presha kubwa. Ziwa letu lina maji baridi yasiyo na chumvi, lakini kuyatumia tena yale yaliyokwisha kupashwa bado kuliokoa kuni.

4. Jibu swali la "kwa nini tatu?"

Mtoto mwerevu atakuuliza: kwa nini usitumie silinda moja ndefu, mvuke utanuke humo mpaka uishe?

Mwambie afikirie mpika chapati anayelitumbukiza kaango kwenye maji baridi kila baada ya chapati moja. Moto wake wote utaishia kupasha kaango upya. Silinda moja ingekuwa hivyo. Mvuke unaingia na nyuzi 200, unatoka na 50 hivi, na kuta za chuma zinapoa pamoja nao. Mvuke mpya ukiingia unakutana na chuma kilichopoa, na sehemu yake inageuka maji kabla haijasukuma chochote. Kuni zimeungua bure.

Ukiigawa safari hiyo mara tatu, kila silinda inabeba mshuko wa takriban nyuzi 50 tu. Ya kwanza inabaki ya moto sana, ya kati moto wa wastani, ya tatu vuguvugu. Kila kaango linabaki na joto lake.

Faida nyingine ni mwendo. Mikono mitatu ya ekseli kuu hupangwa kwa kupishana theluthi ya mzunguko, kama wanawake watatu wanaotwanga kinu kimoja kwa zamu. Mchi mmoja ukiwa juu, mwingine uko njiani na wa tatu unatua. Pangaboi linazunguka bila kushtuka.

Mhandisi aliyeufanya mpango huu ukubalike ni Alexander Carnegie Kirk. Meli yake Aberdeen ilishushwa majini Govan, Uskoti, mwaka 1881. Meli za ziwa letu zilipoanza kuungwa Kisumu karibu miaka 20 baadaye, hatua tatu zilikuwa utaratibu wa kawaida kwa waunda meli wa kule.

5. Tumia futi kamba

Ukikuta injini ya zamani isiyo na kibao cha maelezo, pima kipenyo cha ndani cha kila silinda. Zidisha kila kipenyo kwa chenyewe, kisha gawanya jibu la silinda kubwa kwa jibu la ile ndogo.

Kwa Liberty: 62 × 62 ni 3,844. Na 178 × 178 ni 31,684. Ukigawanya unapata kama 8. Jibu la 7 au 8 ni alama ya hatua tatu. Silinda mbili zenye jibu la 3 au 4 ni injini ya hatua mbili. Silinda zote zikilingana, kila moja ilipokea mvuke wake moja kwa moja kutoka boila, na hapakuwa na kukunja muwa.

Usihesabu silinda pekee. Injini za Titanic zilikuwa na silinda nne kila moja, lakini hatua zilikuwa tatu. Silinda ya mwisho ingekuwa kubwa mno, hivyo kazi yake iligawiwa silinda mbili zinazolingana.

6. Jua inavyoamshwa

Hata kama hutawahi kuishika, utaratibu wa kuiamsha unafundisha tabia yake:

- Izungushe polepole mzunguko mzima kwa gia ya kugeuzia, uhakikishe hakuna kilichokwama. Kisha itoe gia hiyo.
- Fungua vikoki vya kutolea maji chini ya kila silinda.
- Washa pampu ya kupoza na pampu ya hewa, ombwe lianze kujengeka.
- Ruhusu mvuke kidogo kidogo na uipe muda. Chuma kinene kikipashwa kwa pupa hupasuka.
- Ipeleke mbele kidogo, nyuma kidogo, mpaka vikoki vitoe mvuke mkavu. Hapo ndipo uvifunge.
- Ikigoma kuanza, huenda pistoni ya kwanza imesimama juu kabisa au chini kabisa. Vali ya kuanzishia itapeleka mvuke wa boila moja kwa moja kwenye silinda ya kati.

Ukisahau vikoki utajuta. Mvuke hubanika, maji hayabaniki. Pistoni ikiyakuta maji yamejaa juu yake, kinachovunjika ni kifuniko cha silinda.

Injini ikishatembea, fundi hakuiacha. Alizunguka na kopo la mafuta, akagusa beringi zikiwa kwenye mwendo, mkono ukifuata mdundo. Beringi ikizidi joto, kiganja kilijua kabla ya geji.

7. Kabla ya kuuza chuma chakavu

Mwisho, nakuomba jambo moja. Ukikutana na kipande cha injini ya namna hii kwenye yadi, gatini au uani kwa mzee, usikubali kipelekwe kwenye mizani ya chuma chakavu siku hiyohiyo. Kipige picha, pima silinda, andika namba zilizochongwa, muulize mzee alifanya kazi katika meli gani. Kisha kipake grisi.

Grisi si jambo dogo. Julai 1916, Wajerumani walipotakiwa kuizamisha meli yao Graf von Götzen karibu na Kigoma ili isiangukie mikononi mwa adui, mafundi walioijenga waliipaka mashine yake grisi nzito kwanza. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, baada ya miaka karibu minane, waliikuta injini ikiwa bado inafaa. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba.

Mafundi wale waliamriwa kuizamisha mashine. Hakuna aliyewaamuru kuitunza. Waliitunza kwa sababu waliijua, pistoni kwa pistoni. Ndiyo maana nakushauri uanze na chupa na muwa leo, kabla pantoni haijapiga honi: mtu huhifadhi anachokielewa.