Bakteria Wanaosafisha Maji ya Ardhini: Jeni Zao Huwaka Lini?

Katika maeneo mengi ya Kenya, visima ndivyo tegemeo la wakazi mabomba yanapokauka. Maji ya visima yanaweza kuchafuliwa na kemikali zisizoonekana kwa macho, zikiwemo zile zenye klorini zinazotumiwa kuondoa grisi na madoa. Somo hili linaeleza jinsi bakteria fulani wanavyozivunja kemikali hizo, na kwa nini hawawezi kuachiwa kusafisha kila kinachomwagwa.

Kemikali zenyewe

Perikloroethilini hutumiwa kufua nguo bila maji. Trikloroethilini imetumika kwa miaka mingi kuondoa grisi kwenye vyuma. Zote mbili ni nzito kuliko maji. Lita moja ya perikloroethilini ina uzito wa takriban kilo 1.6. Zikimwagwa hazielei kama mafuta ya taa, bali huzama, hupenya udongo na kufika chini ya maji ya ardhini, ambako huyeyuka kidogo kidogo kwa miaka mingi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka trikloroethilini katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Kemikali hizi ni tofauti na dawa ya klorini inayotiwa kwenye maji ya kunywa ili kuua vijidudu. Dawa hiyo haiziondoi.

Bakteria wanaoishi kwa klorini

Binadamu huvuta oksijeni ili mwili upate nguvu kutokana na chakula. Wapo bakteria wanaoishi pasipo na oksijeni, kwa mfano ndani ya tope la majitaka, ambao hutumia kemikali zenye klorini mahali pa oksijeni. Hung'oa atomu ya klorini, huweka ya hidrojeni mahali pake, na kwa kufanya hivyo hupata nguvu.

Mwaka 1997, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani walitangaza bakteria aliyetokana na tope la mtambo wa majitaka wa mji wa Ithaca. Jamii yake huitwa Dehalococcoides. Alikuwa wa kwanza kujulikana kuweza, akiwa peke yake, kuondoa klorini yote katika perikloroethilini. Kemikali hiyo ina atomu 4 za klorini. Ikitolewa moja huwa trikloroethilini, ikitolewa ya pili huwa dikloroethilini, ya tatu huwa kloridi ya vinili, na ya nne ikitoka hubaki ethilini, gesi ileile inayotolewa na ndizi zinapoiva.

Swichi ya jeni

Kazi ya kung'oa klorini hufanywa na vimeng'enya, na maelekezo ya kutengeneza kila kimeng'enya yamo katika jeni. Lakini kuwa na jeni si sawa na kuitumia. Kutengeneza vimeng'enya hivi hugharimu nguvu, madini ya chuma na vitamini B12. Kama vile mtu asivyowasha jiko bila chakula cha kupika, bakteria wengi wa aina hii huacha jeni ikiwa imezimwa mpaka kemikali ifike.

Mfano uliochunguzwa kwa kina ni wa bakteria aitwaye Desulfitobacterium. Ndani yake mna protini iitwayo CprK, ambayo ni kama mlinzi wa lango. Kemikali ya jamii ya fenoli yenye klorini inapoingia, hujishikiza kwenye CprK. Protini hiyo hubadilika umbo, kisha hushika sehemu fupi ya DNA iliyo mbele ya jeni. Hapo jeni huanza kusomwa na kimeng'enya hutengenezwa. Klorini ikishang'olewa, kinachobaki hakiwezi tena kuwasha swichi.

Dehalococcoides ana jeni nyingi za aina hii. Ramani ya jeni ya yule wa Ithaca, iliyochapishwa mwaka 2005, ilionyesha zaidi ya 15. Kando ya nyingi kati yake zimo jeni za protini za kuongoza, zinazoamua ipi isomwe na ipi izuiwe.

Kazi inapokwama

Kila kimeng'enya kina hatua zake. Jeni iitwayo vcrA ni mojawapo ya zile zinazowezesha bakteria kuvunja kloridi ya vinili. Bakteria waliopo wakikosa jeni kama hiyo, au wakikosa hidrojeni ya kutosha, kazi inaweza kusimama katikati. Hapo hatari huongezeka, kwa sababu kloridi ya vinili nayo husababisha saratani.

Katika kituo cha kijeshi cha Kelly, Texas, wataalamu walianza kwa kuwalisha bakteria waliokuwa ardhini. Kemikali zilivunjwa zikakwama kwenye dikloroethilini. Walipoongeza mchanganyiko wenye Dehalococcoides, kazi iliendelea hadi ethilini, kama matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalivyoonyesha.

Ndiyo maana maji ya ardhini hupimwa kwanza kujua kama jeni inayohitajika ipo. Wataalamu wanaweza pia kupima RNA, yaani nakala inayotolewa jeni inaposomwa, ili kujua kama imewaka.

Maana yake kwa mkazi

Dehalococcoides hufa akikutana na oksijeni. Kwa hiyo hawezi kusafisha kemikali iliyomwagwa uani au kwenye mtaro wazi. Wakazi na wenye biashara wanashauriwa:

• Wasimwage kemikali za kuondoa grisi au za kufulia nguo kwenye udongo, mtaro au choo cha shimo.

• Waweke mabaki katika chombo kinachofungwa vizuri na chenye maandishi, kisha wayakabidhi kwa msafirishaji wa taka hatari mwenye leseni ya NEMA.

• Wenye visima karibu na gereji au mahali pa kufulia nguo kwa kemikali wapeleke maji maabara, na waeleze kwamba wanataka yapimwe kemikali zenye klorini. Kupima vijidudu pekee hakutazionyesha.

• Wasitegemee kuchemsha. Kuchemsha huua vijidudu, lakini mvuke wa kemikali hizi hubaki ndani ya nyumba na kuvutwa na watu.

Kusafisha maji ya ardhini huchukua muda mrefu na gharama kubwa. Kuzuia kemikali isifike huko huanza na yule anayeshika mkebe.