Franga za Shule Zipite Mlango Gani? Mwongozo kwa wafanyabiashara wa Kasongo na Kabambare

Kusini mwa Maniema mtu akianza kujaliwa mali, haikawii watu kumbishia hodi kwa ajili ya shule. Paa limeezuliwa na upepo. Watoto wanakaa chini. Mwalimu ana miezi hajaona mshahara. Mwenye duka, mwenye lori, mwenye mashine ya kukoboa mpunga na mnunuzi wa dhahabu, wote wanaijua hodi hiyo, na wengi hutoa. Makala haya yanasema na hao wanaotoa, pamoja na kompani ambazo sheria inazilazimisha kutoa. Swali ni moja: msaada upite wapi ili uingie ndani ya mpango wa Serikali na kuutia nguvu, usije ukasimama kando yake na kuanguka siku mtoaji akiondoka?

Kuanguka huko tunakujua. Kompani ya Sominki iliundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kompani za madini zilizokuwa zikifanya kazi Maniema na Kivu. Katika miji ya machimbo, shule na hospitali zilitegemea mfuko wa kompani. Miaka ya 1990 Sominki ikafa, na mfuko ukafungwa. Baadaye huko Namoya, karibu na Salamabila katika teritwari ya Kabambare, kompani ya Banro ilianza kuzalisha dhahabu ya biashara mwaka 2016, na mwaka 2019 ikasimamisha kazi kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Hesabu kwa miaka ya shule: mtoto aliyeingia darasa la kwanza Septemba 2016, mgodi uliposimama Septemba 2019 alikuwa ndiyo kwanza anaingia la nne. Mgodi haukudumu hata miaka ya shule ya msingi. Ndiyo maana nasema shule isiandikwe kwa jina la kompani wala la tajiri. Iandikwe katika daftari la Serikali, maana kwa mtoto wa kijijini hilo ndilo daftari pekee lenye matumaini ya kudumu.

Tuanze na ahadi yenyewe. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za Serikali. Ahadi hiyo ilikaa kwenye karatasi hadi Septemba 2019, masomo ya bure yalipoanza kutekelezwa nchi nzima. Watoto wakaja kwa wingi, madarasa yakajaa, na shida ya zamani ikaonekana wazi zaidi: walimu wasiolipwa. Mwalimu hulipwa na Serikali akiwa kwenye orodha ya DINACOPE, ofisi iliyochukua nafasi ya ile SECOPE tuliyoizoea. Aliye nje ya orodha huitwa NU akiwa mpya, au NP akiwa amesajiliwa lakini mshahara haujamfikia. Anakula nini? Mara nyingi anakula kwa wazazi, kwa michango isiyo na risiti, na hapo masomo ya bure yanabaki jina tu.

Kwa hiyo ndugu mfanyabiashara, kabla hujanunua hata tofali moja, tembea kidogo. Nenda kwa mkurugenzi wa shule na umkute pamoja na kamati ya wazazi, COPA, na baraza la usimamizi, COGES. Usikubali kuzungumza na mkurugenzi peke yake. Halafu nenda kwa msimamizi wa mtandao wa shule hiyo. Tangu mapatano ya mwaka 1977 shule nyingi za Serikali huendeshwa na dini, na kwetu hizo ni za Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu na pia Waislamu, ambao Kasongo wana mizizi ya zaidi ya karne. Shule hizo ni za Serikali hata kama mbele yake kuna msalaba au mwezi. Mwisho nenda ofisi ya elimu iliyo karibu nawe, ile iliyo chini ya Proved, yaani mkuu wa jimbo la elimu, wa Maniema 2, ambaye makao yake ni Kasongo.

Huko uliza maswali manne. Je, shule ina barua ya waziri inayoitambua, na namba yake ni ipi? Je, ina namba ya DINACOPE? Walimu wangapi wanalipwa, na wangapi hawalipwi? Kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani? Swali la mwisho wengi hulisahau, kisha miaka kumi baadaye wajukuu wa aliyetoa kiwanja wanakuja kufunga mlango. Uliza pia kama kijiji kimo katika PDL-145T, mpango wa maendeleo wa teritwari 145 unaohusu shule, vituo vya afya na majengo ya utawala. Kama jengo limeshapangwa hapo, msaada wako unafaa zaidi kwenye viti, vitabu, choo cha wasichana, au kijiji cha jirani kisichokuwa kwenye orodha.

Ukipata jibu kwamba walimu wanne kati ya sita hawalipwi, usikimbilie kujenga darasa la saba. Kazi ya haraka ni mafaili yao. Faili la mwalimu hukwama kwa mambo madogo: fotokopi, nakala ya diploma, picha, nauli ya kulifikisha ofisini. Wenye malori wa Kasongo wanaweza kufanya jambo ambalo hakuna mfadhili wa mbali anayeliweza, nalo ni kutoa nafasi moja ya bure kwa mtu wa COPA anayebeba mafaili ya shule kumi, na nafasi nyingine wakati wa kurudi na majibu. Ni msaada wa bei ndogo kuliko bati, na ukifanikiwa unaleta mshahara wa Serikali kila mwezi. Sharti ni moja: faili liende kwa njia ya wazi, na franga za kumlainisha mtu ofisini zisitoke. Ukilipa leo, kesho mwalimu asiye na tajiri nyuma yake atadaiwa mara mbili.

Sasa tuje kwenye pesa ambazo tayari ni zenu kwa sheria. Hapa nataka tukae, kwa sababu hapa ndipo wananchi wengi wa Kabambare wameachwa gizani. Sheria ya madini ya tarehe 11 Julai 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inaitoza kompani yenye kibali cha kuchimba dhahabu asilimia 3.5 ya thamani ya inachouza. Malipo hayo hugawanywa: asilimia 50 kwa Serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta au usultani ambamo mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa madini wa vizazi vijavyo. Zingatia neno sekta au usultani. Teritwari haimo katika mgawo huo, kwa hiyo ukitaka kujua pesa zimefika au hazijafika, ofisi ya kuuliza ni ya mkuu wa sekta.

Mbali na hayo, kompani inatakiwa kila mwaka kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya jamii inayoguswa na mgodi, na pesa hizo zisimamiwe kwa pamoja na wajumbe wa kompani na wa wananchi. Tuchukue mfano wa hesabu tu: kompani ikiuza dhahabu ya dola 10,000,000 kwa mwaka, tozo ni dola 350,000. Fungu la sekta ni 52,500, la jimbo 87,500, na lile la asilimia 0.3 ni 30,000. Hizo si pesa za kumaliza umaskini wa Kabambare, lakini kwa sekta moja ni madarasa, visima na daraja.

Kitu cha tatu ni kitabu cha masharti, kile watu huita kaye de sharje, ambamo kompani na jamii huandika miradi, tarehe na gharama. Huandikwa kwa Kifaransa cha wanasheria. Kiongozi wa kompani anayetaka amani ya kweli na majirani zake akitafsiri kwa Kiswahili, akisome mbele ya wamama wa soko na vijana wa machimbo, na akibandike ukutani pamoja na risiti za tozo. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa kwa mujibu wa katiba. Hakuna sababu ya mzazi kupewa haki yake kwa lugha asiyoisoma. Naye mfanyabiashara wa kawaida ana nafasi yake: ripoti za ITIE, mpango wa uwazi wa mapato ya madini, huchapisha malipo ya kompani za madini, na kijana mwenye simu nzuri anaweza kuzitafuta na kulinganisha na kile mkuu wa sekta anachosema amepokea.

Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 nayo inahifadhi kazi za mikataba midogo chini ya kompani kubwa kwa ajili ya biashara ambazo mtaji wake kwa sehemu kubwa ni wa Wakongo: chakula, usafiri, ujenzi, ushonaji wa nguo za kazi. Lakini kazi hizo haziendi kwa mtu asiye na karatasi. Jiandikishe, fungua hesabu, ingia katika chama cha waajiri kama FEC au COPEMECO.

Na kazi hutaka ujuzi. Sekondari zetu zinatoa kila mwaka vijana wenye diploma ya Serikali ya ualimu, huku mwenye mashine ya mpunga akisubiri fundi kutoka mbali. Kosa si la prefe, mkuu wa sekondari, peke yake. Sisi tunaoajiri hatujawahi kumwandikia tunachohitaji. Wafanyabiashara kumi wakikaa na kuandika ukurasa mmoja, kwamba tunataka mafundi wa mashine, wa pikipiki, wa umeme wa jua, waashi na watunza hesabu, ukurasa huo ukipelekwa kwa Proved unaweza kuwa na uzito kuliko hotuba ndefu. Upelekwe pia INPP, taasisi ya mafunzo ya kazi iliyopo tangu mwaka 1964, ambayo waajiri huichangia kisheria. Anayechangia ana haki ya kuomba mafunzo ya muda mfupi yaje hadi Kasongo. Na ukimpokea kijana gereji, andika mkataba wa kujifunza kazi: muda, posho, na atakachokuwa anakijua akimaliza. Kijana anayefagia miaka mitatu bila kushika spana hajafundishwa.

Kuna mstari usiovukwa. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kazi zinazomharibu mtoto, na sheria ya madini inataka mchimbaji mdogo awe mtu mzima. Mnunuzi wa dhahabu anayechukua mchanga kutoka mikononi mwa mtoto wa miaka kumi na mbili, halafu akatoa viti kwa shule ambayo mtoto huyo ameikimbia, hajaisaidia elimu. Akatae dhahabu hiyo. Akikataa yeye na wenzake wa soko hilohilo, mtoto hana wa kumuuzia.

Tusisahau sauti. Katiba, kifungu cha 27, inampa kila Mkongo haki ya kuandikia mamlaka ombi, peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka inatakiwa kujibu ndani ya miezi mitatu. Kifungu cha 175 kinataka asilimia 40 ya mapato ya taifa ibaki majimboni, na majimbo yamelalamika miaka mingi kwamba hayaipati. Barua ya wafanyabiashara wa Kasongo na Kabambare kwa gavana na wabunge wa jimbo iwe fupi, yenye namba: shule zipi, walimu wangapi, daraja lipi. Ifike Kindu kabla ya kikao cha Septemba, ambacho ndicho cha bajeti, na nakala yenye mhuri wa kupokelewa ibaki kwenu. Katika mwaka wa uchaguzi jiepusheni kumpa mgombea barua hiyo aibebe kama yake, na viti mlivyotoa visipakwe rangi ya chama.

Mwaka wa shule huanza Septemba. Mwezi huu chagua shule moja iliyo karibu na duka lako, nenda na mtu wa COPA ukaulize yale maswali manne, na majibu yaandike katika daftari lilelile unaloandikia madeni ya wateja.